Msaidizi wa Msimbo Husahau: Njia Nne za Kumwekea Kumbukumbu ya Mradi, na Jinsi ya Kuchagua

Kwenye mfumo mmoja ninaoutunza kuna jedwali linaloitwa `wateja_zamani`. Ukiutazama msimbo utasema limekufa: hakuna ukurasa unaolisoma wala sehemu inayoandika ndani yake. Lakini kila mwisho wa mwezi, programu ndogo iliyo kwenye seva nyingine kabisa huamka usiku, hulisoma jedwali hilo na kutoa ripoti ya wahasibu. Jumatatu nilimweleza hayo msaidizi wangu wa akili unde. Akaelewa, akaliacha. Jumatano nikafungua kikao kipya, nikamwomba aondoe vitu visivyotumika, na pendekezo lake la kwanza likawa kulifuta `wateja_zamani`.

Hakunipuuza. Kwake yeye, Jumatatu haikuwahi kuwapo. Modeli inayomwendesha haibebi chochote kutoka kikao kimoja hadi kingine. Anachokijua kuhusu mradi wako ni kile kilichowekwa mbele yake wakati huo, ndani ya kinachoitwa dirisha la muktadha. Hata katika kikao kimoja, mazungumzo yakirefuka sana zana nyingi huyafupisha ili kupata nafasi, na sentensi uliyoiandika asubuhi inaweza isiingie kwenye ufupisho.

Kila anayemtumia msaidizi wa aina hii kwa kazi ya siku nyingi hufika kwenye swali hilohilo: mambo ya kudumu niyaweke wapi? Njia zinazotumika sana ni nne: faili la maelekezo ndani ya mradi, kumbukumbu anayojiandikia msaidizi mwenyewe, nyaraka anazozifungua pale zinapohitajika, na kumuunganisha na vyanzo vilivyo nje ya msimbo. Nimezitumia zote, na mpaka leo kila moja ina kazi yake kwangu.

## Vigezo kwanza

Nafasi. Kila unachompakia hula tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli huvisoma na kuvihesabu, na hutumwa tena kwa modeli kila anapojibu. Dirisha la tokeni 200,000 ni la kawaida siku hizi, na yapo ya milioni 1, kwa hiyo unaweza kushawishika kumwaga kila kitu humo. Usifanye hivyo. Utafiti wa Nelson Liu na wenzake wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba modeli walizozipima zilipata taarifa kwa urahisi zaidi ikiwa mwanzoni au mwishoni mwa maandishi marefu kuliko ikiwa katikati. Kuingia kwenye dirisha ni jambo moja, kuzingatiwa ni jambo jingine. Na kwetu tunaoandika Kiswahili kuna la ziada: modeli nyingi zimezoeshwa zaidi maandishi ya Kiingereza, hivyo maneno yetu hukatwa vipande vingi zaidi, na maelezo yaleyale huchukua tokeni nyingi zaidi.

Uhai. Maelezo huchakaa haraka kiasi gani, na yakichakaa nani atagundua? Kwangu hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote. Msaidizi asiyejua kitu huenda akakichunguza kwenye msimbo. Aliyeambiwa uongo huanza kazi akiwa na uhakika.

Wanaoyaona. Ni wewe peke yako, timu nzima, au kila atakayenakili mradi? Na je, historia ya mabadiliko inabaki?

Utiifu. Akishasoma, atafuata kwa kiwango gani? Njia zote nne hapa ni ushauri kwa modeli. Hakuna iliyo kufuli.

Utunzaji. Kazi ya kuanzisha, na kazi ya kuendelea kuyaweka sawa.

Kabla ya kulinganisha, jambo moja linahusu njia zote: usiandike kile ambacho msimbo unakisema wenyewe. Msaidizi anaweza kuona kwamba mnatumia hifadhidata ya PostgreSQL na kwamba folda ya `api` ina API. Asichoweza kukiona ni sababu, makatazo, na vitu vilivyo nje ya mradi vinavyoutegemea. Ripoti yangu ya mwisho wa mwezi ilikuwa ya aina hiyo.

## 1. Faili la maelekezo ndani ya mradi

Hili ni faili la maandishi ya kawaida ambalo zana hulipakia lenyewe kikao kinapoanza. Jina lake hutegemea zana: Claude Code husoma `CLAUDE.md`, GitHub Copilot ina `.github/copilot-instructions.md`, Cursor hutumia folda ya `.cursor/rules`, na `AGENTS.md` ni jina la pamoja linalosomwa na Codex ya OpenAI na zana nyingine nyingi. Kama timu yenu inatumia zana mbili tofauti, andikeni moja kikamilifu na la pili lielekeze kwa la kwanza. Mafaili mawili yanayotunzwa kwa mkono yataachana baada ya muda, na hakuna atakayejua lipi ni la kweli.

Nafasi. Lipo mezani muda wote, hata unaporekebisha kosa dogo la tahajia, kwa hiyo kila mstari unapaswa kustahili kuwapo. Nimeona mafaili yanayoanza hivi:

```
Andika msimbo safi na unaosomeka.
Fuata kanuni bora za uhandisi.
Kuwa makini na usalama.
```

Mistari mitatu, na hakuna hata mmoja unaobadilisha anachokifanya. Linganisha na hii:

```
- Pesa zote huhifadhiwa kwa senti, namba nzima. Desimali marufuku.
- Usiguse jedwali wateja_zamani. Ripoti ya wahasibu iliyo kwenye
  seva nyingine hulisoma kila mwisho wa mwezi.
- Majaribio: make test. Washa hifadhidata kwanza:
  docker compose up -d db
- Folda ya generated/ hutengenezwa na mashine. Badilisha schema/,
  kisha endesha make gen.
```

Kila mstari hapa unazuia kosa lililowahi kutokea au ambalo lingetokea. Angalia pia kwamba mstari wa pili umetaja sababu. Ukisema tu "usiguse", msaidizi atakapokutana na hali usiyoitarajia hana pa kushika. Ukimpa sababu, anaweza kukuuliza: nikibadilisha jina la safu moja humo, ripoti haitaharibika? Swali la namna hiyo likija kutoka kwake, ujue faili linafanya kazi.

Uhai. Huchakaa kwa kasi ya msimbo, na huchakaa kimyakimya. Dawa ni kulipitia pamoja na mabadiliko ya msimbo: anayebadilisha amri ya majaribio abadilishe na mstari wake katika ombi hilohilo la kuunganisha (pull request). Likikaa ndani ya Git, zana inayotunza matoleo ya msimbo, historia inaonyesha nani aliandika nini na lini.

Wanaoyaona. Timu yote, na hata binadamu mgeni aliyejiunga leo. Kwa sababu hiyohiyo, nywila na funguo za siri hazina nafasi humo. Na ukinakili mradi wa mtu usiyemjua, soma faili lake la maelekezo kabla ya kumfungulia msaidizi, kwa sababu atalisoma kama maneno yako.

Utiifu. Mzuri faili likiwa fupi na lenye mambo mahususi. Hushuka kadiri mistari inavyoongezeka, na hushuka zaidi mistari inapopingana. Zana kadhaa huruhusu faili jingine ndani ya folda ndogo, na `AGENTS.md` iliyo karibu zaidi na faili linalohaririwa ndiyo yenye kauli. Kwenye mradi mkubwa mgawanyo huo husaidia sana.

Utunzaji. Nusu saa ya kuanza, kisha dakika chache kila linapotokea kosa la kujirudia. Zana nyingine zina amri ya kukutengenezea rasimu. Itumie, halafu futa sehemu kubwa yake, maana rasimu hizo hupenda kusimulia muundo wa folda ambao msaidizi angeuona mwenyewe.

Humfaa nani. Timu yoyote yenye zaidi ya mtu mmoja, na mtu mmoja anayejua atarudi kwenye mradi baada ya miezi mitatu.

## 2. Kumbukumbu anayojiandikia msaidizi

Hapa zana yenyewe huandika vidokezo unapofanya nayo kazi: umemsahihisha mara mbili kuhusu jambo fulani, au umemwambia "kumbuka hili", naye huliweka mahali pake na kulileta kikao kijacho.

Nafasi. Kwa kawaida ni ndogo, kwa kuwa zana huchagua cha kuleta. Lakini mchaguzi si wewe.

Uhai. Hapa ndipo penye hatari. Kidokezo huzaliwa katika mazingira ya siku moja kisha huishi kama sheria. Niliwahi kumwambia msaidizi aruke majaribio ya moduli ya malipo kwa sababu seva ya majaribio ilikuwa imezimwa kwa matengenezo. Wiki mbili baadaye bado alikuwa anayaruka, na anaeleza kwa utulivu kabisa kwamba ndivyo mradi huu unavyofanywa. Nilipofungua kumbukumbu nilikuta sentensi moja: majaribio ya malipo hayaendeshwi. Sababu ilikuwa imeanguka njiani, ikabaki amri tupu.

Wanaoyaona. Mara nyingi ni wewe tu, kwenye mashine yako au akaunti yako. Mwenzako atakutana na msaidizi asiyejua lolote kati ya hayo, na nyote wawili mtashangaa kwa nini mnapata majibu tofauti kwa swali moja.

Utiifu. Sawa na faili la maelekezo, ila ni vigumu kujua amefuata nini hasa mpaka uifungue na kuisoma.

Utunzaji. Kuanza ni bure. Gharama huja baadaye, na wengi hawailipi: kuipitia mara kwa mara, kufuta yaliyopitwa, na kuhamishia kwenye faili la timu yale yanayostahili kuwa ya wote. Mimi hufanya hivyo kila Ijumaa na haichukui dakika kumi.

Humfaa nani. Anayefanya kazi peke yake, na yeyote kwa upande wa mazoea binafsi: unapenda maelezo mafupi, unataka jina la tawi liandikwe namna fulani, unatumia kihariri fulani. Mambo hayo hayahusu timu, na kuyajaza kwenye faili la wote ni kuwasumbua wenzako.

## 3. Nyaraka zinazofunguliwa zinapohitajika

Hii ndiyo njia isiyopewa heshima yake. Unaweka folda ya nyaraka ndani ya mradi, kila moja ikihusu jambo moja, na kwenye faili la maelekezo unaacha mstari mmoja tu unaosema lini isomwe: "Kabla ya kugusa malipo, soma `docs/malipo.md`." Baadhi ya zana hukuwezesha kufunga kanuni na njia za mafaili, ili zipakiwe tu anapohariri folda husika, Cursor na Copilot zote zina mpangilio wa aina hiyo.

Humo ndimo mahali pa kumbukumbu za maamuzi ya usanifu, mtindo alioupendekeza Michael Nygard mwaka 2011: hati fupi kwa kila uamuzi, yenye kichwa, hali yake, muktadha, uamuzi wenyewe na matokeo. Zilibuniwa kwa ajili ya binadamu, lakini zinamfaa msaidizi kwa namna ya pekee, kwa sababu hubeba kile ambacho msimbo hauwezi kukibeba: njia zilizokataliwa. Msaidizi akiona mnaita huduma ya nje moja kwa moja bila foleni ya ujumbe katikati, atapendekeza foleni, na atakuwa na hoja nzuri. Hati inayosema "tulijaribu foleni, ujumbe ukawa unafika mara mbili na wateja wakatozwa mara mbili, tukaiondoa" inakuokolea mjadala ambao timu iliumaliza zamani.

Nafasi. Bora kuliko zote kwa mradi mkubwa. Kurasa mia moja zinaweza kuwapo bila kula tokeni hata moja mpaka ziitwe.

Uhai. Hutegemea aina ya hati. Ya maamuzi haichakai kirahisi, maana inaeleza jambo lililotokea. Uamuzi ukibadilika unaandika hati mpya na kuitia ya zamani alama kwamba imepitwa. Hati inayoeleza jinsi mfumo ulivyo leo huchakaa kama faili la maelekezo, tena haionekani mara kwa mara.

Wanaoyaona. Wote, pamoja na historia.

Utiifu. Udhaifu wake uko hapa. Msaidizi anaweza asiifungue. Mstari wa kuelekeza ukisema tu "angalia folda ya docs kwa maelezo zaidi", usitarajie kitu. Ukitaja tukio na faili kwa jina, mambo hubadilika.

Utunzaji. Mkubwa kuliko njia mbili zilizotangulia, na unahitaji timu yenye tabia ya kuandika. Timu isiyokuwa nayo haitaipata kwa sababu ya msaidizi.

Humfaa nani. Mradi wenye umri, wenye maeneo mengi yasiyofanana, ambamo watu huondoka na kuondoka na sababu za mambo.

## 4. Kumuunganisha na vyanzo vya nje

Si kila kitu kuhusu mradi kiko ndani ya mradi. Kuna orodha ya kazi na hitilafu, mpangilio wa hifadhidata halisi, kurasa za ndani za shirika. Tangu Anthropic ilipotoa itifaki ya MCP (Model Context Protocol), utaratibu wa pamoja wa kuunganisha wasaidizi na zana na data za nje, mwezi Novemba 2024, imekuwa rahisi kumpa msaidizi milango ya kuingia huko na kuuliza mwenyewe. Utafutaji wa faharasa, ambapo zana huchambua msimbo wote mapema ili kuvuta vipande vinavyofanana na swali lako, uko jirani na njia hii: taarifa huletwa kwa kuulizwa.

Nafasi. Data haikai kwenye dirisha mpaka iitwe, lakini maelezo ya zana zilizounganishwa mara nyingi hukaa. Unganisha seva nyingi na utakuta sehemu ya dirisha imeliwa kabla hujaandika neno. Majibu nayo huwa marefu: kazi moja yenye maoni arobaini huja na maoni yote arobaini.

Uhai. Hapa inazishinda zote. Anasoma hali ya sasa. Kama safu iliongezwa kwenye jedwali jana, ataiona leo.

Wanaoyaona. Hutegemea ruhusa za kila mtu, na hilo ni jema. Ila kuna tahadhari kubwa. Maandishi yanayotoka nje yanaweza kubeba maagizo: mtu asiyejulikana anaweza kuandika ndani ya ripoti ya hitilafu maneno yanayomlenga msaidizi, yakimtaka atoe siri au abadilishe faili. Mpe ruhusa ya kusoma tu unapoweza, na usimpe kwa pamoja maandishi ya watu wa nje, data ya siri na njia ya kuituma nje.

Utiifu. Analeta ukweli wa mambo, haleti mwongozo. Hifadhidata itamwambia kwamba `wateja_zamani` ipo na ina safu kadhaa. Haitamwambia kwamba asiifute.

Utunzaji. Seva, funguo, ruhusa, matoleo. Ni mfumo mwingine wa kutunza.

Humfaa nani. Timu ambayo ukweli wake unabadilika kila siku, na yenye mtu wa kusimamia miunganisho hiyo.

## Pale maneno hayatoshi

Nimesema hakuna kati ya hizi iliyo kufuli, na ningependa hili lishikwe vizuri. Siku nyingi msaidizi atafuata faili lako. Siku moja, katika kikao kirefu chenye mambo mengi, atateleza. Kama kosa lenyewe linarekebishika kwa dakika mbili, ushauri unatosha. Kama linafuta data, lihamishe kutoka kwenye maneno uliweke kwenye mashine: jaribio linaloshindwa, kikagua msimbo kinachokataa, au ruhusa iliyoondolewa. Kwa `wateja_zamani` niliacha mstari kwenye faili, kisha nikamnyima mtumiaji wa hifadhidata anayetumiwa na msaidizi uwezo wa kufuta majedwali. Mstari unamwelimisha, na ruhusa inamzuia. Jambo hilohilo hufaa kwa mitindo ya uandishi: nafasi, mabano na mpangilio wa mistari ni kazi ya kipanga-msimbo, usimalizie tokeni zako huko.

## Uchague ipi?

Uko peke yako, mradi ni mpya. Washa kumbukumbu ya zana na uandike faili la mistari kumi au kumi na tano. Usihangaike na nyaraka. Bado huna maamuzi ya kutosha. Ongeza mstari kila unapojikuta unarudia maelezo yaleyale kwa mara ya pili.

Mko wachache, zana moja. Faili la maelekezo ndani ya Git ndilo msingi, na kumbukumbu binafsi ibaki kwa mazoea binafsi. Mtu akigundua kidokezo muhimu kwenye kumbukumbu yake, akipeleke kwenye faili kupitia ombi la kuunganisha kama msimbo mwingine wowote.

Timu kubwa, zana mchanganyiko. `AGENTS.md` kama chanzo kimoja, mafaili madogo kwenye folda zenye kanuni zake, na mafaili ya zana nyingine yanayoelekeza hapo. Mteueni mtu wa kulipitia, la sivyo kila mtu ataongeza na hakuna atakayepunguza.

Mmerithi mfumo wa zamani ambao waliouandika hawapo. Anzeni na nyaraka. Mpeni msaidizi kazi ya kusoma moduli moja na kuandika rasimu ya hati yake, kisha mtu anayeifahamu kidogo aisahihishe. Sababu asizoweza kuzijua ziachwe wazi kama maswali, asizibuni. Maswali hayo yataonyesha ni nani mnapaswa kumtafuta kabla naye hajasahau.

Kazi yenu inategemea orodha ya hitilafu na data hai. Unganisheni kimoja tu kwanza, kwa ruhusa ya kusoma, na mpime kwa wiki moja kama majibu yamekuwa bora. Faili fupi la maelekezo bado litahitajika kumwambia lini aulize na wapi.

Data ya watu, pesa au afya. Anzeni na ruhusa na majaribio, kabla ya kuandika mstari wowote wa maelekezo. Miunganisho ya nje ije mwisho, na kila mmoja upitiwe na anayehusika na usalama.

Tayari unalo faili, limefika mistari mia tano, na msaidizi halifuati. Lipunguze. Pitia mstari mmoja mmoja ukijiuliza: nikiuondoa huu, atakosea wapi? Usipopata jibu, ufute. Mistari inayohusu folda moja ihamie kwenye folda hiyo, maelezo marefu yaende kwenye nyaraka na kuacha nyuma mstari mmoja wa kuelekeza. Kisha fungua kikao kipya, mpe kazi uliyomwona akikosea zamani, na utazame anachokifanya.